Aliyetangulia Ndiye Aliyechelewa: Historia ya Sheria za Ufuatiliaji wa Dawa na Funzo kwa Afrika Mashariki

Makala haya yanachunguza chimbuko la tofauti zilizopo baina ya sheria za ufuatiliaji wa dawa katika nchi mbalimbali, na gharama ya kuzioanisha baada ya kila nchi kujitungia yake.

Nchini Italia, kwa miongo kadhaa, mfamasia alibandua kibandiko cha pakiti na kukibandika kwenye cheti cha daktari ili alipwe na mfumo wa afya wa umma. Swali la dola lilikuwa la fedha: je, pakiti hii imekwisha kulipiwa? Uturuki nayo ilisumbuliwa na udanganyifu wa madai ya malipo. Mwaka 2010 ilianzisha mfumo wa kitaifa ambamo kila pakiti ina msimbo wake, na kila inapobadili mikono taarifa hupelekwa kwenye kanzidata ya serikali.

Marekani iliuliza swali jingine: nani alimuuzia nani? Sheria yake ya mwaka 1987 iliweka msingi wa hati za asili ya dawa katika biashara ya jumla. Mwaka 2012 ilibainika kwamba dawa bandia ya saratani, isiyo na kiambato hai, ilikuwa imefika Marekani baada ya kupita katika nchi kadhaa. Sheria mpya ilitiwa saini tarehe 27 Novemba 2013, nayo ikawapa wadau miaka 10 ya kujiandaa.

Umoja wa Ulaya ulijali zaidi hatua ya mwisho. Agizo la mwaka 2011, lililoanza kutekelezwa kikamilifu tarehe 9 Februari 2019, humtaka mfamasia ahakiki namba ya pakiti na kuifuta kwenye kanzidata anapompa mgonjwa dawa. Italia na Ugiriki, zilizokuwa na mifumo yao ya awali, ziliruhusiwa kusubiri hadi Februari 2025. Aliyetangulia akawa ndiye aliyechelewa, kwa kuwa alikuwa na mfumo wa zamani wa kuufumua.

Historia hiyo inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 2011 nchini Kenya, na mwaka 2012 nchini Tanzania, zilibainika dawa bandia za kupunguza makali ya VVU. Katika hali kama hiyo, namba ya toleo pekee haiwezi kutenganisha pakiti halisi na ya kughushi iliyonakili namba hiyohiyo.

Mpango wa kuoanisha usajili wa dawa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ulizinduliwa Arusha mwaka 2012, na mkataba wa Wakala wa Dawa wa Afrika ulianza kutumika tarehe 5 Novemba 2021. Hata hivyo, usajili huamua dawa ipi iingie sokoni. Hauonyeshi pakiti fulani imepitia wapi. Kiwanda cha ng'ambo kinachouza katika masoko madogo kikitakiwa kuweka alama tofauti kwa kila nchi, gharama itaangukia bei, au kiwanda kitaliacha soko hilo.

Kwa hiyo, makubaliano ya kikanda kuhusu taarifa nne, yaani utambulisho wa bidhaa, namba ya pekee ya pakiti, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, hayana budi kutangulia sheria za kitaifa. Namna ya kukagua inaweza kutofautiana. Alama iliyo kwenye pakiti isitofautiane.