Istilahi: Upatanisho wa Kiima na Kitenzi

Upatanisho wa kisarufi ni hali ya neno moja kulilazimisha jingine libebe alama inayoendana nalo. Katika “Vitabu vyangu vizuri vimepotea”, nomino moja imeyaburuta maneno mengine yote yafuate ngeli yake. Kiingereza hakifiki huko, maana sifa kama “good” haibadiliki hata nomino ikiwa ya wingi. Kwa somo la Kiingereza, basi, istilahi hii tuifinye: upatanisho wa kiima na kitenzi. Tunasema kiima, si mtenda. Katika “Mahindi yameliwa na tembo”, mtenda ni tembo, ila kiambishi “ya-” kimeamuliwa na mahindi.

Mwanafunzi wa Rungwa, wilayani Manyoni, jirani na pori la akiba, huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, wakati shule ya msingi ya serikali alisoma kwa Kiswahili. Huenda nyumbani anaongea Kikimbu, nacho ni lugha ya Kibantu yenye ngeli. Upatanisho anao tangu utotoni. Kinachomtatiza ni mahali alama inapokaa na kazi inayofanya.

Tazama “Tembo amevuka” na “Tembo wamevuka”. Nomino haikuguswa, idadi imebebwa na kitenzi, tena mwanzoni mwake. Kiingereza huitia idadi kwenye nomino pia, na alama ya kitenzi hukaa mwishoni. Kibaya zaidi, “s” ileile inayoonyesha wingi wa nomino huonyesha umoja kwenye kitenzi: “The elephant crosses”, lakini “The elephants cross”. Anayeandika “The elephants crosses” ameutia wingi pale Kiswahili kinapoutia.

Kosa jingine hutoka kwenye ngeli zenyewe. Maziwa “yamemwagika”, maji “yamejaa”, habari “zimefika”. Kwa Kiingereza vyote hivyo huhesabiwa umoja, ndipo tunapokuta “The milk have spilled”.

Halafu kuna viima virefu. Katika “Sanduku la vitabu limepotea”, alama “la” na “li-” zinalitaja sanduku waziwazi. Neno “of” halimwelekezi mtu kokote, hivyo jicho hunasa nomino iliyo jirani na kitenzi: “The box of books are lost”. Hili huwaponyoka hata waliozaliwa na Kiingereza.

Mwalimu aandike ubaoni sentensi ya Kiswahili juu na ya Kiingereza chini yake, kisha aulize: kiima ni kipi, na alama yake imekaa wapi? Asiishie kusema “upatanisho” tu, kwa sababu aliyezoea “vitabu vizuri” anaweza kuandika “goods books” akidhani ametii kanuni. Istilahi ikitajwa kamili, humwonyesha pia kanuni inapoishia.