Kutoka makuta mpaka franka 50: feza ndogo-ndogo zetu zilienda wapi?



Siku ya kugawana, watu watatu wenye funguo walifungua kadena zao, kesi ikafunguka, na bamama wakapiga vigelegele. Kisha tukaanza kuhesabu. Sehemu kubwa ya ile feza ilikuwa noti za franka 50 na za franka 100, zimelainika kama kitambaa, zingine zimeshikanishwa na skoch. Hesabu ilikuwa sawa na daftari, hakuna hata franka moja iliyopotea. Lakini tulipoenda kununua mabati, mwenye depo aliangalia mfuko, akaurudisha. "Mulete za 1,000 kwenda juu, ao dola. Hizi mimi nitazipeleka wapi?"

Tukarudi na mfuko wetu. Mzee mmoja wa kikundi akacheka, lakini si kwa furaha. Akasema kwamba baba yake pia alirudishwa na mfuko, na yeye mwenyewe pia, na sasa ni zamu ya watoto. Maneno yake yalitukaa kichwani. Wengi wetu tunaofanya kazi ya kutembelea vikundi, makuta tunaijua kwa jina tu. Kwa hiyo tukakaa na wazee, tukatafuta na tarehe, ili tuelewe: mtu mdogo anayeweka kidogo-kidogo, feza yake inamponyokeaga wapi?

Tuanze na mwaka 1967. Tarehe 24 Juni serikali ilileta zaire mahali pa franka ya zamani: franka 1,000 zikawa zaire 1. Zaire 1 ilikuwa dola 2 za Marekani. Ndani yake mulikuwa makuta 100, na ndani ya kila likuta sengi 100. Sengi 10 na likuta 1 zilikuwa za alumini, nyepesi sana. Makuta 5 ilikuwa nzito zaidi. Wazee wanasema wakati ule kopo la maziwa lililojaa makuta lilikuwa mali ya kweli. Mwenye zaire 30 ndani ya kopo alikuwa na dola 60.

Mwisho wa Desemba 1979 ikaja pigo ambalo wazee wanalikumbuka mpaka leo. Mobutu alitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina kazi tena. Mipaka ilifungwa, siku za kubadilisha zilikuwa chache, na kila mtu aliwekewa kipimo asichoweza kupita. Serikali ilisema inatafuta wale walioficha feza nyingi na wanaofanya magendo. Lakini hebu fikiri mtu wa Itombwe, ao mvuvi wa pwani ya ziwa upande wa kusini, benki iko mbali siku nyingi za kutembea. Redio ikisema, siku zimeisha. Waliokuwa na njia walipata njia. Mkulima alibaki na karatasi.

Kuna kitu kimoja hapo kilitushangaza. Noti za zaire 1 na makuta ya chuma hazikuguswa. Yaani mwaka ule mama wa sokoni mwenye kopo la makuta alipona, na tajiri wa kijiji, aliyebadilisha makuta yake yote ili apate noti kubwa za zaire 10 na kuziweka chini ya godoro, ndiye aliyelia. Kwa hiyo wale wanaotuambia "mubadilishe tu kwa noti kubwa, basi" wanasema nusu ya ukweli.

Lakini kupona kwa kopo hakukudumu. Bei zilipanda mpaka mwanzo wa mwaka 1993 askari walilipwa na noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, na Kinshasa ikaporwa. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule ikaletwa zaire mupya: zaire milioni 3 za zamani kwa 1 mupya. Kasai walikataa kabisa, wakaendelea na noti zao za zamani miaka mingi. Na kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwaongezea noti hizo, kule feza ya zamani ilisimama vizuri kuliko ile mupya. (Wataalamu wa uchumi walistaajabu; bamama wa Kasai, hatufikiri.)

Tarehe 30 Juni 1998 franka ikarudi: zaire mupya 100,000 kwa franka 1. Fanyeni hesabu pamoja na sisi. Milioni 3 mara 100,000 ni miliari 300. Ili upate franka 1 ungehitaji zaire za 1967 miliari 300. Lile kopo la zaire 30, lile la dola 60, halingenunua hata harufu ya mandazi. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani. Kopo lilikaa palepale kwenye dari, limejaa, na likuta haikupunguka hata moja.

Franka mupya haikuja na chuma. Hata santimu zilikuwa karatasi, kuanzia santimu 1. Franka 50 wakati ule ilikuwa zaidi ya dola 30. Leo dola 1 inazidi franka 2,000, na ile franka 50 ndiyo inayojaza kesi zetu.

Sasa tuvuke ziwa, sababu wengi wetu hayo ya franka ya 1998 hatukuyaona kwa macho. Tulikuwa Kigoma. Tangu vita ya 1996, maelfu ya watu wa Uvira na Fizi walikaa kambi ya Nyarugusu na ya Lugufu, na huko walijifunza shilingi. Ukiuza mandazi, ukilima shamba la mtu, unapata chenji ya chuma: 50, 100, 200. Watu waliweka. Mwezi wa Oktoba 2005 meli za kurudisha watu zikaanza kuvuka, na kila familia ikafunga mizigo.

Ni hapo tofauti ilionekana. Waliokuwa na akili ya soko walizunguka maduka ya kambi wiki moja mbele ya safari, wakawapa wenye maduka chenji na kupokea noti. Mwenye duka alifurahi, kila siku anahangaika na chenji. Wengine walipanda meli na chuma ndani ya soksi. Walipofika Baraka, kambiste aliangalia, akatikisa kichwa: "Mama, ya chuma hatubebake." Tulimkasirikia, lakini hesabu yake ilikuwa wazi. Noti ya shilingi 10,000 inaingia mfuko wa shati. Shilingi 10,000 za chuma ni mzigo, na Kigoma hakuna atakayemlipa bei ya kuubeba. Feza ya chuma haivukagi mpaka. Jambo hilo lingesemwa kabla ya safari, na kadiri tunavyokumbuka hakuna aliyetusemea.

Halafu kumbe na wenye noti nao walikuwa na siku yao. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba noti za matoleo ya 1985 mpaka 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya 2010, zirudishwe benki kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025. Baadaye hazina nguvu. Hizo za 2003 ndizo watu walirudi nazo! Katika ziara zetu tumezikuta ndani ya Biblia, ndani ya mto wa kulalia, zimekunjwa vizuri. Miezi ile huku kwetu nani alikuwa na nafasi ya kufuata habari za benki ya Tanzania? Goma na Bukavu benki zilikuwa zimefunga milango, watu wanakimbia. Ile ya chuma, iliyochekwa mwaka 2005, haikuwemo katika tangazo. Mpaka leo Kigoma inanunua sabuni.

Sasa turudi kwa mfuko wetu wa franka 50. Mabati yalipatikana, lakini baada ya siku tatu za soko. Bamama wawili walikaa chini wakapanga noti mia-mia, mmoja anahesabu, mwenzake anarudilia, wakafunga na uzi. Nzima upande mmoja, zilizopasuka upande mwingine. Kisha hawakwenda kwa mwenye depo, walienda kwa wale wanaolilia chenji kila asubuhi: motari, muuza mikate, mukusanyaji wa tiketi za mitumbwi, mwenye kibanda cha feza ya simu. Mmoja alitaka kukata asilimia, wakamuacha, wakaenda kwa jirani yake. Hatukubali kukatwa. Asiye na chenji ndiye mwenye shida, si sisi. Zilizopasuka sana zilibaki, na hizo zinangoja mtu wa kuzipeleka benki.

Kwa wafadhili tunaomba muelewe hapo. Karatasi za ripoti munazotutumia zinauliza kikundi kimeweka kiasi gani. Haziulizi kimeweka kwa noti gani. Siku tatu za bamama wale, na njia ya kwenda benki na kurudi, hazina mustari wowote katika bajeti. Wamemba wanazilipa wenyewe kutoka feza ileile. Tungependa mustari huo uwepo, hata mudogo.

Kwa vikundi: komite imekubali kwamba tangu sasa noti ndogo zitabadilishwa kila mwezi, si kungoja siku ya kugawana, na kesi haitashika aina moja tu ya feza. Wenye shilingi za chuma, muzilete kwenye mukutano wa mwezi ujao, hata kama ni tano. Zitahesabiwa mbele ya mashahidi wawili na kuandikwa kwa jina la mwenyewe, halafu mufanyabiashara mmoja wa kikundi anayevuka kwenda Kigoma atarudi na sabuni na chumvi kwa thamani ileile. Noti za Tanzania za zamani musilete. Tumekwisha kuuliza.