Paa nunga na tanzi la waya

Jina la Mariakani huhusishwa na mariaka, yaani podo za mishale. Hata hivyo, katika vichaka vizito vya msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita 420 za mraba hivi baina ya Kilifi na Malindi, upinde haufai sana, kwani jicho halipenyi mbali. Ndiyo sababu wawindaji haramu hutega matanzi ya waya katika vijia vya wanyama. Tanzi halichagui. Humnasa hata paa nunga, mnyama adimu wa jamii ya swala, alaye majani na maua yaangushwayo na kima, ajulikanaye katika Pwani ya Kenya na Zanzibar pekee. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Matanzi yangali yakitegwa.