Makarani Waandikianao Barua

Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, huoza wote. Methali hii ni ya kweli sokoni, na kwa miaka mingi ilikuwa ya kweli pia ndani ya kompyuta. Sikiliza basi, msomaji, habari za watu wachache wa mji wa Stockholm, nchini Sweden, waliojaribu kuishinda.

Fikiri kwanza juu ya mtambo wa kuunganisha simu. Kwa wakati mmoja maelfu ya watu huongea kwa njia yake: huyu amwita daktari, yule auliza bei ya kahawa. Programu iendeshayo mtambo huo haikosi kuwa na kasoro, kwa maana imeandikwa na binadamu. Je, ni haki kosa lililotokea katika simu ya mtu mmoja likate simu za wote? Tena mtambo huo hauwezi kuzimwa ili utengenezwe, maana hakuna saa ambayo watu hawahitaji simu.

Katika programu nyingi za siku zile, sehemu zote zilitumia kumbukumbu moja. Ni kama ofisi yenye makarani wengi na daftari moja tu. Karani mmoja akimwaga wino, hesabu za wenzake wote zimeharibika.

Mwaka wa 1986 Joe Armstrong, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya Ericsson mjini humo, alianza kutunga lugha mpya ya kompyuta. Wenzake Robert Virding na Mike Williams wakaungana naye. Lugha hiyo iliitwa Erlang, jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyechunguza wingi wa simu zipigwazo mwanzoni mwa karne ya 20. Sheria yake kuu ni hii: kila karani awe na daftari lake mwenyewe, wala asiguse la mwenzake. Akitaka jambo, aandike barua, aitie katika sanduku la mwenzake, kisha aendelee na kazi yake. Karani akianguka, msimamizi wake hupata habari, naye humweka mwingine mahali pake aanze upya. Na kwa kuwa barua haijali umbali, karani mmoja aweza kuwa katika kompyuta hii, na mwenzake katika kompyuta ya mji mwingine. Ndivyo kompyuta nyingi ziwezavyo kufanya kazi kama moja.

Usidhani, hata hivyo, kwamba njia hii haina gharama. Barua yaweza kupotea njiani. Usipojibiwa, huwezi kujua kama mwenzako amekufa au amechelewa tu. Kwa hiyo mwenye kuunda mitambo ya namna hii hana budi kuamua mapema atangoja muda gani, na kuhakikisha kwamba barua ikipelekwa mara ya pili, kazi haifanywi mara mbili. Fikiri juu ya fedha zitumwazo kwa simu: ingekuwaje kama mtu angekatwa shilingi 1,000 mara mbili kwa sababu tu jibu lilikawia?

Mwaka wa 1998 sehemu moja ya Ericsson ilikataza Erlang isitumiwe katika bidhaa mpya, ikipendelea lugha zilizokwisha kuenea duniani. Ingaliweza kufa hapo. Lakini mwezi wa Desemba mwaka ule ule ilitolewa bure kwa watu wote, ikaanza safari. WhatsApp, iliyoanzishwa California mwaka wa 2009, iliijenga mitambo yake kwa lugha hiyo. Ilipofika mwaka wa 2014, watu zaidi ya milioni 450 walikuwa wakiitumia, hali wahandisi wake hawakufika 50.

Armstrong alifariki mwaka wa 2019. Yeye na wenzake hawakujidai kwamba wangeandika programu isiyo na kosa. Walikubali kwamba kosa litakuja, wakashughulika na swali jingine: likija, lifike wapi? Nawe mwanafunzi, siku utakapopewa kazi inayotegemewa na wengi, anza kwa swali hilo. Samaki ataoza, ni juu yako kuamua kama wote watakaa katika tenga moja.