Akiba, Kache na Ndiva: Historia Fupi ya Istilahi Moja

Miongoni mwa istilahi za kompyuta ambazo bado zinawasumbua wafasiri wetu, hapana budi kulihesabu neno la Kiingereza "cache". Katika maandishi ya Kiswahili utakuta kache, utakuta hifadhi ya muda, na mara nyingi utakuta akiba. Nia yetu ni kuonyesha kwamba hili la mwisho, ingawa ni tamu masikioni, humpotosha mtumishi anayetafuta kosa katika seva.

Asili ya neno ni Kifaransa, kwa maana ya kuficha. Katika uhandisi wazo lilitangulia jina. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Cambridge alieleza kumbukumbu ndogo yenye kasi, akaiita kumbukumbu mtumwa. Neno "cache" lilishika mwaka 1968, IBM ilipoeleza mashine yake ya System/360 Model 85. (Heri ilivyokuwa, maana jina la kwanza lingetupa kazi nyingine.) Kisha tovuti zikalirithi. Kanuni za HTTP za mwaka 1996 ziliruhusu nakala ya ukurasa itunzwe njiani. Zile za 1997 zikaongeza kichwa cha kuutawala utunzaji huo, nacho ni "Cache-Control". Kwetu jambo hili lilikuwa na uzito wake. Kabla ya waya wa baharini wa Seacom kufika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti na nchi za nje yalitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa, na nakala iliyo karibu iliokoa fedha na muda.

Akiba, kwa Mswahili, ni kitu cha siku za mbele. Kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyosifiwa. Nakala ya ukurasa sivyo ilivyo. Mfano unaofaa zaidi tunaupata wilayani Same. Huko mvua hunyesha katika Milima ya Upare na tambarare hubaki kavu; kwa hiyo Wapare walichimba mifereji na kujenga ndiva, yaani mabwawa madogo, kama yale ya kijiji cha Bangalala. Maji hukusanywa usiku. Asubuhi ndiva hufunguliwa na wakulima humwagilia kwa zamu. Ndiva haishiki nafasi ya kijito, bali huyaleta maji yake karibu na shamba kwa muda mfupi, kisha hujazwa tena. Naye mkulima akiikuta tupu hasemi kwamba kijito kimekauka kabla ya kupanda kulitazama banio.

Sasa tutazame maagizo mawili. "No-store" humaanisha nakala isitunzwe kabisa. "No-cache", ambalo wengi hulifasiri vivyo hivyo, lina maana nyingine: nakala yaweza kutunzwa, lakini isitolewe kabla ya kuuliza chanzo kama ingali sahihi. Chanzo hujibu kwa msimbo 304, yaani haijabadilika, au kwa 200 pamoja na ukurasa mpya. Tuseme halmashauri imesogeza mbele tarehe ya mwisho ya maombi ya kazi. Fundi aliyeandika "max-age" ya sekunde 86,400 ameruhusu tangazo la zamani lisomwe siku nzima, na msimbo utakaoonekana ni 200, kana kwamba hakuna tatizo. Hapo atazame kichwa kiitwacho "Age", kinachohesabu sekunde tangu jibu litolewe au kuthibitishwa na chanzo. Kikionekana, jibu limetoka katika ndiva.

Hata msimbo 404, wa ukurasa usiopatikana, huweza kutunzwa. Ukurasa ukisharudishwa, wasomaji wengine wataendelea kuambiwa haupo. Msimbo 301, wa kuhama moja kwa moja, ni mkaidi zaidi, kwa kuwa vivinjari huweza kuushika kwa muda mrefu usipowekewa kikomo.

Hatupendekezi ndiva liingizwe katika kamusi za kompyuta. Kache limekwisha kuzoeleka. Tunachopendekeza ni akiba liachwe, nakala iliyopita muda wake iitwe iliyochakaa, na "no-cache" lifasiriwe kwa maneno manne: thibitisha kabla ya kutoa.