Mto Sebeya na watu waliokimbia

Wenzangu, wengi wetu tunaijua Sebeya kama ule mto wa rangi ya udongo unaopita Nyundo kwenda Ziwa Kivu. Ukiwa barabarani unaona maji tu. Kumbe bonde hili lina historia ndefu, na wakimbizi wamo ndani yake. Sisi si wa kwanza.

Mapadri Weupe walifungua misheni Nyundo mwaka 1901. Mwaka 1952 Aloys Bigirumwami akawekwa kuwa askofu hapo, Mwafrika wa kwanza kupewa cheo hicho katika makoloni yote ya Wabelgiji. Mwaka huohuo shule ya sanaa ya Nyundo ikaanza. Mto nao ulipewa kazi: mitambo ya umeme ya Gisenyi, Gihira na Keya inazungushwa na Sebeya, mji wa Gisenyi unapata maji ya kunywa kutoka Gihira, na chai ya bondeni inapelekwa kiwanda cha Pfunda.

Halafu kuna mwaka 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia kanisani Nyundo waliuawa hapohapo. Mwezi wa saba, mamia ya maelfu ya watu wakapita Gisenyi kuingia Goma. Wakati huohuo wengine walikuwa wanarudi nyumbani baada ya kukaa ugenini miaka zaidi ya thelathini, wengine na ng'ombe wao kutoka Masisi. Wangekaa wapi? Wengi walipewa mahali huko juu, Gishwati.

Gishwati ni msitu wa milimani, na sehemu ya maji ya Sebeya inatoka upande huo. Zamani ulikuwa na hekta kama 28,000. Ilipofika 2002 zilibaki kama 600 hivi. Sasa utasikia mtu anasema, "Wakimbizi ndio walimaliza msitu." Hiyo ni nusu ya habari. Miaka ya 1980 mradi mkubwa wa ufugaji, wenye pesa za Benki ya Dunia, ulikuwa umeshafyeka sehemu kubwa kutafuta malisho. Waliorudi walikuta mlango umeshafunguliwa. Walilima viazi na kukata kuni kwa sababu watoto walitaka kula. Lakini mlima haujui nani ana haki na nani ana makosa. Miti ikiisha, mvua haina wa kuishika, inashuka na udongo wote.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 tuliona matokeo. Mvua ilinyesha usiku kucha, Sebeya ikatoka njiani mwake, ikaingia nyumba za Nyundo, Rugerero na Kanama. Watu zaidi ya 130 walikufa Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda, wengine kwa mafuriko, wengine kwa kufunikwa na udongo. Na hapo kazi ya kuuponya mto ilikuwa imeshaanza: matuta ya ngazi milimani, mianzi kandokando ya mto, bwawa la kupunguza nguvu ya maji. Ilisaidia, lakini kilichoharibiwa miaka mingi hakirudi kwa miaka minne.

Kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu sisi tuliotoka Kongo tunapika kwa kuni pia, na tunakaa kwenye milima hiihii. Ndugu zetu mnaofanya kazi na mashirika, mkitupangia mahali pa kukaa, ulizeni kwanza maji yatapita wapi, na watu watapikia nini. Swali hilo lingeulizwa vizuri Gishwati, huenda watu wa chini wangelala salama zaidi. Na sisi vijana, umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tusiuone kama kazi ya wenyeji. Mti unaoupanda juu unalinda nyumba ya mtu wa chini ambaye hamjuani.