Vyuo Vidogo vya Marekani na Elimu ya Biokemia

Wasomaji wengi wamepata kusikia habari za Vyuo Vikuu vya Marekani, lakini ni wachache waliosikia habari za vyuo vyake vidogo. Mtu huingia humo akiwa amekwisha maliza shule ya sekondari, husoma miaka miwili, kisha hutoka kwenda kazini, au huhamia Chuo Kikuu kumaliza miaka miwili iliyobaki. Siku hizi huitwa vyuo vya jamii. Nimependa kueleza asili yake, na jinsi elimu moja iliyo ngumu, nayo ni biokemia, ilivyopata nafasi humo. Maana wako watu wadhanio kwamba elimu ya namna hiyo haipatikani ila kwa wana wa matajiri.

Katika vyuo vidogo vya serikali vilivyodumu mpaka leo, kilicho kikongwe kuliko vyote kilianzishwa mwaka wa 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Mkuu wa shule ya sekondari ya mji ule, J. Stanley Brown, alishauriana na William Rainey Harper, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakakubaliana kwamba vijana waliomaliza shule wafundishwe pale pale masomo ya mwanzo ya Chuo Kikuu. Walioanza walikuwa sita tu. Lakini tusimsifu Harper kupita kiasi. Yeye alitaka wanafunzi wanaoanza wasomeshwe mahali pengine, ili Chuo Kikuu chake kibaki na kazi ya elimu ya juu na uchunguzi. Brown ndiye aliyewatazama vijana wenyewe, wale waliotamani kusoma bila kuuacha mji wao. Basi mlango mmoja ulifunguliwa na watu wawili wenye nia mbili, na mpaka leo nia hizo mbili hazijapatana kabisa.

Wakati huo biokemia nayo ilikuwa changa. Ni elimu ya kuchunguza jinsi vitu vinavyobadilika ndani ya viumbe vyenye uhai: jinsi chakula kinavyogeuka kuwa nguvu, jinsi ndizi inavyoiva, jinsi unga unavyoumuka kwa chachu. Wataalamu wengi walishika kwamba chachu haiwezi kufanya kazi yake ila ikiwa hai. Mwaka wa 1897 Mjerumani Eduard Buchner alisaga chachu pamoja na mchanga, akaikamua maji yake, akatia sukari ili yasiharibike. Maji yale yakaanza kutoa mapovu, wala hamkuwa na chembe hata moja ya chachu iliyo hai. Hivyo ilijulikana kwamba kazi ile hutendwa na vitu vilivyomo ndani ya chembe, ambavyo kwa Kiswahili twaviita vimeng'enya. Navyo vyaweza kutolewa na kupimwa katika chupa. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1907.

Sasa nitataja mtu mmoja ambaye habari zake zaonyesha jinsi mambo haya mawili yalivyokutana. Bruce Merrifield alizaliwa Texas mwaka wa 1921. Baba yake alikuwa muuzaji wa vyombo vya nyumbani, na wazazi wake walihamahama huko California katika miaka ya dhiki, hata mtoto akapitia shule kumi na moja kabla ya kumaliza sekondari mwaka wa 1939. Sisi waalimu twajua mtoto wa namna hiyo huwaje: kila afikapo, wenzake wamekwisha pita mahali alipoachia yeye. Kijana huyu aliingia chuo kidogo cha Pasadena, na siku hizo vyuo vidogo vya California havikuwatoza ada wenyeji wa jimbo. Kutoka hapo alihamia Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, akapata udaktari wa elimu mwaka wa 1949. Siku ya pili yake alioa, na kesho yake wakashika safari ya New York, kwenye Taasisi ya Rockefeller, alikofanya kazi maisha yake yote.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha asidi amino. Protini zote za mwili ni kama shanga zilizotungwa katika uzi, na kila ushanga ni asidi amino moja. Zamani, mtaalamu alipotaka kuutunga uzi huo kwa mkono wake, ilimbidi kusafisha kazi yake kila baada ya ushanga mmoja, na kila asafishapo nyingine hupotea. Uzi mfupi tu ulikula miezi. Mwaka wa 1959 Merrifield alipata shauri la kuufunga ushanga wa kwanza kwenye punje ndogo ya plastiki isiyoyeyuka. Uzi ukiwa umefungwa hivyo, mtu aweza kuongeza ushanga, akaosha takataka zote, akaongeza mwingine, wala uzi wenyewe usipotee. Alitangaza njia hiyo mwaka wa 1963. Baadaye akaunda mashine ya kufanya hayo yenyewe, na mwaka wa 1969 yeye na Bernd Gutte wakatangaza kwamba wametunga kimeng'enya kizima chenye asidi amino 124, kwa hatua 11,931 za mashine.

Mwaka wa 1984 Merrifield alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Na mwaka huo huo vyuo vya jamii vya California vilianza kutoza ada, dola 5 kwa kila kipimo cha somo; tangu mwaka wa 2012 ni dola 46. Kweli, maskini wengi husamehewa. Hata hivyo mimi sipendi kuziona habari hizo mbili katika mwaka mmoja.

Tumetangulia mbele mno. Turudi nyuma kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari wengi walirudi makwao wakitaka kusoma, nao walikuwa wamepewa msaada kwa sheria ya mwaka wa 1944. Tume iliyowekwa na Rais Truman ilitoa taarifa yake mwaka wa 1947, ikashauri kwamba miaka miwili ya baada ya sekondari itolewe bure kwa wote, nalo jina la "chuo cha jamii" likaenea kwa ajili ya taarifa hiyo.

Aingiaye leo kwa nia ya biokemia husoma kwanza kemia ya jumla, kisha kemia ya kaboni, pamoja na biolojia, fizikia na hesabu. Biokemia yenyewe aghalabu hungoja mwaka wa tatu, huko Chuo Kikuu. Hapa ndipo wengi huanguka. Walio wengi huingia wakikusudia kuhamia Chuo Kikuu, na wanaofika mwisho ni wachache. Na baadhi yao hukuta masomo waliyokwisha soma hayakubaliwi, wakayarudia kwa fedha na kwa miaka. Mwenye busara huuliza mapema ni masomo gani yanayopokelewa.

Zipo kazi pia kwa asiyehama. Zamani insulini ya wagonjwa wa kisukari ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka wa 1978 kampuni ya Genentech, ya South San Francisco, pamoja na wenzao wa City of Hope, walifaulu kuifanya insulini ya kibinadamu kwa bakteria, na mwaka wa 1982 ikaruhusiwa kutumiwa Marekani. Viwanda vya namna hiyo vilihitaji watu wa kutunza matangi yenye chembe hai, kupima usafi wa dawa na kuandika kila kipimo bila kosa. City College of San Francisco, chuo cha jamii kilicho jirani, kikawa makao ya mpango wa Bio-Link ulioanza mwaka wa 1998 wa kuwaandaa mafundi hao. Wengine hupata kazi katika maabara za vyakula na za maji.

Mwaka wa 2014 California iliruhusu vyuo vya jamii visivyozidi kumi na vitano vijaribu kutoa shahada ya miaka minne. Kimoja chao, MiraCosta, karibu na San Diego, kilichagua elimu ya kutengeneza dawa kwa chembe hai, na wanafunzi wake humaliza miaka yote minne pale pale bila kuhamia Chuo Kikuu chochote.